Chini ya Minyaa

Maji ya kwenye ndoo yalitikisika.

Philomena alikuwa ameloweka michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ndoo ya plastiki na kuiweka katikati ya sebule, kuku wasiifikie, mwenyewe amekaa kwenye kigoda anachagua choroko. Ulikuwa mchana wa jua kali, saa ambayo hata mbwa wa pande za Bulyanhulu hawana nguvu ya kumbwekea mtu. Upepo hakuna. Lori barabarani hakuna. Lakini maji yalitikisika, yakachora mviringo mdogo, mviringo ukatanuka hadi ukingoni, yakatulia. Halafu yakatikisika tena.

Akauweka ungo chini taratibu, kama mtu aliyeona nyoka na hataki nyoka ajue kwamba ameonekana.

"Mama," aliita kwa sauti ndogo. "Mama, uko macho?"

Mama mkwe wake, Bibi Nyamizi, alikuwa chumbani kitandani, mahali alipokaa tangu nyonga ivunjike. Alikuwa na umri wa kutosha kutoogopa kitu, na hiyo ndiyo hasara ya kuishi na mzee: wengine lazima waogope kwa niaba yake.

"Niko macho, mayu," Bibi alijibu. "Kitanda kinanibembeleza. Tangu juzi. Nikadhani mmeninunulia cha umeme, mkaona haya kuniambia."

Philomena akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akaingiza kichwa uvunguni, akalaza sikio kwenye sakafu. Saruji ilikuwa ya baridi. Mwanzo alisikia damu yake mwenyewe tu. Kisha akasikia: nko. Nko. Nko. Chuma juu ya jiwe. Ikanyamaza, mwanamume akakohoa. Sauti ya mwingine ikasema, kama anayeongea akiwa ndani ya mtungi, "Lete tindo ndogo. Hii imekufa meno."

Philomena aliinuka kwa nguvu mpaka akajigonga kichwa kwenye chaga.

"Wanasemaje?" Bibi aliuliza.

"Wanataka tindo."

"Waambie humu hakuna."

Philomena alikuwa amesimama juu ya vidole vya miguu, ndani ya nyumba yake mwenyewe, anaogopa kukanyaga.

*

Ngusa, mumewe, alikuwa mwanamume wa kumkamata dume la ng'ombe pembe na kumlaza. Lakini karatasi yenye mhuri ikipita mbele yake, jasho lilimtoka mgongoni. Aliporudi kutoka machungani akasimuliwa, alivua kofia, akaitazama ndani kama jibu limo humo.

"Ni panya," alisema.

"Panya anakohoa?"

"Kiangazi hiki, kila kiumbe kinakohoa. Vumbi."

"Na anaomba tindo, Baba Wema?"

Ngusa akakaa. Walijua wote wawili ni nani. Kaya yao ilizungushiwa minyaa, ua mzito wa kijani uliopandwa na baba yake Ngusa, na nje ya ua huo, palipokuwa shamba la karanga, sasa palikuwa na duara, shimo la wachimbaji wadogo. Mwenye duara aliitwa Stanslaus, mtu wa kuja, mwenye pikipiki mbili na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba ya mtu.

"Uliwaruhusu wachimbe chini ya nyumba?"

"Niliwaruhusu shamba. Tulizunguka mpaka kwa miguu, wote, na mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi. Nikawaonyesha: ndani ya minyaa ni kaya, nje ni shamba. Wakasema sawa, mzee."

"Kawaambie watoke."

"Siwezi."

"Una nini kinywani?"

Ngusa akashusha sauti, kana kwamba mkataba una masikio. "Atakayezuia kazi atalipa hasara yote. Imeandikwa. Yule ana mashine, ana watu, ana karasha la kusagia mawe. Tutauza ng'ombe wote waishe, halafu nifungwe juu yake. Nimetia dole gumba, Mama Wema. Dole gumba halirudishwi."

"Na mimi nilikuwa wapi siku mnaandikishana?"

"Ulikuwa unatupikia wali."

Ilikuwa kweli. Tena alisifiwa. Mwenyekiti aliomba ukoko.

Chini yao ikalia: nko. Ngusa akainua miguu yote miwili kutoka sakafuni, akabaki ameining'iniza kwenye kiti kama mtoto aliyekalishwa kiti kirefu kanisani. Hakuishusha mpaka walipomaliza kula.

*

Asubuhi Philomena alitoka, na kwa kuwa alitoka, Ngusa alilazimika kumfuata. Duara lilikuwa na turubai la bluu juu yake, na winchi ya mti yenye mipini miwili, ya kushushia watu na kupandishia mawe. Vijana walikaa wakinywa chai ya rangi. Mmoja wao, Nasibu, mtu wa Kigoma mwenye adabu, alipomwona mama anasogea aliruka na kusimama kati yake na shimo.

"Shikamoo mama. Hapo hapo mama, tafadhali. Usikaribie mdomo."

"Marahaba. Nitaumwa?"

"Siyo wewe, mama. Mwamba." Akaona aibu kidogo. "Mwanamke akichungulia duara, dhahabu inahama. Ndivyo tulivyokuta."

Stanslaus alikuja akifuta mikono. Akamsalimu Ngusa, akampita Philomena kama unavyopitwa ukuta.

"Stanslaus, baba," Philomena alisema, "watu wako wako chini ya kitanda cha mama mkwe wangu."

"Mzee," Stanslaus alimwambia Ngusa, "mama ana shida gani?"

Ngusa alikohoa. "Anasema... tunasikia kama... Minyaa ndiyo ilikuwa mpaka, si ndiyo?"

"Ndiyo. Nani amevuka minyaa? Kuna mtu wangu ameingia uani kwako? Ameiba hata yai?" Akacheka kwa upole wa mtu mwenye mali. "Mzee, mpaka wa minyaa ni wa juu. Minyaa ina mizizi ya urefu wa mkono. Kule chini hakuna ua wala mlango, kuna mwamba wenye dhahabu, na anayeuona ndiye anayeufuata. Hiyo ni sheria ya wachimbaji, kaulize Geita nzima. Mwamba umegeuka kwenu, nasi tumegeuka nao. Sasa umepanda juu, nasi tunapanda."

"Mnapanda?" Philomena aliuliza. "Mnapanda mpaka wapi?"

"Utakapoishia."

"Na nyumba?"

"Nyumba hatujaigusa hata tofali." Kisha, kwa kuwa hawakuondoka, akaongeza neno ambalo huenda asingelisema kama angekunywa chai kwanza. "Mimi ningekuwa nyie, ningeogopa matimba, magogo ya kushikilia dari ya shimo. Mzee, ulitoa magogo mara mbili tu, ukaacha. Mkataba unasema mwenye eneo atatoa miti ya matimba kadiri kazi itakavyohitaji. Nilikutumia watu, ukawaambia subiri. Basi tumesubiri. Kuanzia hapo kwenye minyaa kuingia kwenu, dari ya shimo inajishikilia yenyewe."

Nasibu akatazama kikombe chake.

"Yaani hakuna hata gogo moja," Philomena alisema.

"Hakuna hata kijiti."

*

Njiani kurudi mke alitangulia. Kwa desturi hutangulia mume, lakini siku hiyo mume hakuwa na haraka ya kufika.

"Uliahidi miti?"

"Ilisomwa."

"Nimeuliza uliahidi?"

"Ilisomwa, nikaitikia. Mimi nilijua ni maneno ya adabu!" Ngusa alisimama katikati ya njia. "Mtu akipita unakula, si unamwambia karibu chakula? Naye anasema asante, anaendelea na safari. Nikadhani ndivyo karatasi zinavyoongea. Wameleta watu wachukue mara ya kwanza, nikawapa. Mara ya pili nikawapa. Mara ya tatu nikaona hawa hawana adabu, wanakaa mezani kweli. Ile ni ngitili ya baba, hifadhi ya malisho yetu, Mama Wema. Miti ile ndiyo kivuli cha ng'ombe na nyasi za kiangazi. Nitakata mpaka ibaki nini?"

Walikuwa wamefika, na ukutani, kutoka kona ya dirisha la Bibi hadi kwenye msingi, ulikuwa umepita ufa. Asubuhi haukuwepo. Ulikuwa mwembamba, wa kuingiza ukucha tu. Philomena aliingiza ukucha. Ulikuwa wa kweli.

Wakaingia wote wawili chumbani kwa Bibi wakitembea kama wezi.

"Mama, tunakutoa nje," Ngusa alisema. "Tunakubeba na godoro lako, tunakwenda kwa jirani."

"Yaya. Sitoki."

"Mama, nyumba inaweza kudidimia."

"Baba yako nimemzika hapo uani. Amekaa miaka yote hiyo chini ya udongo hajalalamika. Mimi niko juu yake, nilalamike?"

"Tutakubeba kwa nguvu, mama."

Bibi Nyamizi akamtazama mwanawe kwa huruma. "Nibebe. Nitapiga yowe."

Hapo Ngusa akaganda, na Philomena naye. Yowe likipigwa kwenye kaya, hakuna anayeuliza: kijiji kizima hukimbia kuja, wanaume na fimbo, wanawake na watoto, na asiyekuja hutozwa faini. Miguu yote hiyo ingemiminika ndani ya minyaa, ingegonga ardhi, ingejaa chumbani. Bibi hakujua alichokuwa ametishia. Au alijua, kwa kuwa alitabasamu.

Wakamwacha. Philomena akamshika mume mkono, akamtoa hadi nje kabisa ya minyaa, kwenye majani makavu, mahali ambapo angalau ardhi ilikuwa nzima.

"Nisomee," alisema.

"Mimi sijui kusoma."

"Najua. Lakini ukisomewa kitu mara moja hakikutoki. Katekisimu yote unayo kichwani na hujui herufi a. Nisomee mkataba."

Ngusa akafumba macho. Akasimama wima, mikono ubavuni, kama siku ya kipaimara.

"Mimi Ngusa, mwenye eneo, nikiwa na akili timamu..."

"Hapo ndipo palipohitaji shahidi. Endelea."

"...nimekubali mwenye duara achimbe katika shamba langu. Kwamba nitapewa mfuko mmoja wa mawe katika kila mifuko kumi. Kwamba mwenye eneo atatoa miti ya matimba kutoka katika eneo lake kadiri kazi itakavyohitaji. Kwamba mwenye eneo na familia yake watakuwa huru kukagua kazi muda wowote. Kwamba atakayezuia kazi..."

"Rudi nyuma."

"Atakayezuia..."

"Kabla ya hapo. Pale uliposoma harakaharaka."

"Mwenye eneo na familia yake watakuwa huru kukagua kazi muda wowote. Hayo nayo ni ya adabu tu."

"Na familia yake," Philomena alisema. "Mimi ni nani wako?"

Ngusa alifumbua macho. Alikuwa ameelewa. "Mama Wema, hapana. Huko hapandi mtu na kushuka kama ngazi ya kanisa. Huko watu wanafia."

"Mama yako yuko juu ya shimo hilo. Yeye kalala, mimi nitachungulia."

*

Alivaa suruali ya Ngusa, akaikaza kwa mkanda wa khanga. Vijana walipomwona walianza kucheka, kisha wakaona anaelekea kwenye winchi, kicheko kikakatika.

"Stanslaus, baba," alisema, "nimekuja kukagua."

"Kukagua nini?"

"Kazi. Mwenye eneo na familia yake watakuwa huru kukagua kazi muda wowote. Kama mume wangu amekariri vibaya, toa karatasi, soma."

Stanslaus aliitoa kwenye mkoba wa kiunoni. Akavua miwani, kwa mara ya kwanza, na macho yake yakaonekana kuwa ya kijana tu, tena ya mtu asiyelala vizuri. Alisoma. Maneno hayo yalinakiliwa kutoka mkataba wa mtu mwingine, na aliyeyanakili hakuwaza mwanamke ndani ya suruali ya Ngusa.

"Hii ni kwa ajili ya wanaume, mama."

"Imeandikwa?"

"Desturi."

"Desturi yenu inasema mpaka hauko chini. Mkataba unasema nikague. Tuchague kimoja."

Nasibu tayari alikuwa amevuta kengele ya kopo, na waliokuwa chini wakapandishwa mmoja mmoja, wanapepesa macho, wanasogea mbali naye kana kwamba ana ndui. Hakuna aliyekubali kumwongoza. Mwisho Stanslaus, kwa hasira, akafunga tochi kichwani, akasema atashuka yeye mwenyewe, amwonyeshe, yaishe. Hakuwa ameshuka tangu masika. Watu walikuwa wakimshukia.

Wakamkalisha Philomena kwenye kijiti kilichofungwa mwisho wa kamba. Alipoachia ukingo, mwili wote ulimwambia kwamba amekosea. Mwanga ukawa sahani, ukawa kisoda. Alimwomba Mungu kwa Kiswahili, Mungu akachelewa, akamwomba kwa Kisukuma.

Chini palikuwa na joto na harufu ya jasho la zamani. Waliinama, wakafuata njia ya kando. Mwanzoni magogo yalikuwepo, kulia na kushoto, na mengine ya kukingama juu. Aliyatambua. Moja lilikuwa na kovu la shoka la Wema, binti yake, alipokuwa mdogo akijifunza kutema kuni. Kisha magogo yakaisha. Njia ikaanza kupanda. Tochi ya Stanslaus ikaenda juu, na dari haikuwa jiwe tena. Ilikuwa udongo mwekundu na vinyweleo vya mizizi.

Stanslaus akasimama.

"Waliniambia bado ni mwamba," alinong'ona. "Waliniambia bado ni mwamba mgumu."

Juu yao kitu kikalia, kriii. Ilikuwa chaga ya kitanda. Halafu sauti ya Bibi Nyamizi, karibu sana, karibu kuliko mtu anayeongea nawe dirishani: "Shii! Toka! Kuku mshenzi wewe." Akarusha kitu, pengine kandambili. Kikatua. Udongo ukamwagika taratibu kwenye nyuso zao, kama unga kutoka kwenye chekecheke.

Philomena alitaka kumwambia mama mkwe wake atulie, akakumbuka kwamba kupiga kelele hapo ni kujizika.

"Mama," Stanslaus alisema, na sasa alisema naye, si na Ngusa. "Usikohoe. Nakuomba. Turudi kinyumenyume."

*

Walipotoka, vijana walikuwa wamefunga mabegi.

"Mwanamke ameshazama shimoni," alisema mmoja. "Hapa hakuna kazi tena."

"Rudini!" Stanslaus alifoka. Akamgeukia Philomena. "Umenifungia duara. Atakayezuia kazi atalipa hasara yote, hilo nalo mume wako amelikariri?"

"Nimezuia nini? Nimekagua. Waliokimbia ni watu wako, kwa desturi yako. Kadai kwao." Alikaa chini. "Lakini miti tunadaiwa sisi. Hilo sibishani nawe. Baba Wema!"

Ngusa alikuwa amesimama kando na shoka begani. Alikuwa amekwenda kwenye ngitili ya baba yake bila kuambiwa, wakati mkewe yuko chini, na uso wake ulikuwa umelowa. Alikuwa ameangusha mti mmoja tayari.

"Nitaendelea kukata," alisema. "Mingapi?"

"Mingi, mzee," Nasibu alimjibu kwa sauti ya chini.

Wakakata, wakaburura. Hata waliofunga mabegi walisaidia kuburura. Juu ya ardhi hawakuwa na mwiko. Nasibu akamwelekeza Ngusa pale pale juu, kwa gogo na kipande cha ubao: unasimamisha hapa, unakingamisha huku, unapigilia kabari polepole, usipige kwa hasira. Mara tatu akamfanya arudie. Lakini alipoulizwa kama atashuka, alitikisa kichwa, machozi yakimlenga. "Mama nisamehe. Nina watoto."

Stanslaus naye alitazama shimo, akatazama pikipiki zake.

"Dole gumba ni langu," Ngusa alisema. Akafunga tochi kichwani. Ilimkalia upande, Philomena akainyoosha. Akakaa kwenye kijiti, mwanamume mrefu, magoti yakigusa kidevu.

Winchi ina mipini miwili. Philomena alishika mmoja. Wa pili ulibaki hewani, vijana wakiutazama kama unavyotazamwa mkono wa marehemu. Baada ya muda Stanslaus akauweka mkoba wake chini, akaushika.

Wakamshusha. Wakashusha gogo la kwanza, na la pili, na kabari kwenye kiroba. Kamba ikalegea. Wakasubiri kwa muda mrefu, jua linachoma utosi.

Ndipo nyundo ikalia huko chini, pigo moja. Hakuna aliyeangalia ndani ya shimo. Wote waligeuza vichwa, wakatazama minyaa, na juu ya minyaa, mabati ya nyumba ya Ngusa, alimolala Bibi.

Pigo la pili. Vumbi likaruka juu ya bati, likakaa.

"Mama," Stanslaus alisema, "tuombe."

"Omba wewe, baba. Mimi nimeshika kamba."